Mlima Hauishii Getini

Ukipanda basi Kidatu kwenda Ifakara, unasafiri karibu kilomita 67 ukiwa juu ya mshono mmoja: mahali ambapo mlima umekutana na bonde. Kulia ni Udzungwa, msitu unaoanzia karibu na usawa wa barabara na kupotelea mawinguni. Kushoto ni miwa, baadaye mpunga, baadaye tambarare ambayo jicho halifiki mwisho wake. Reli ya TAZARA ilipojengwa miaka ya 1970 ilifuata ukanda huo huo, kwa kuwa hapo ndipo ardhi haina miinuko mikali na wala haizami kila masika. Vijiji vya ujamaa vikaifuata reli. Na mwaka 1992, ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mpaka wake wa mashariki ukapita nyuma ya mashamba ya vijiji hivyo hivyo, karibu kiasi kwamba kuna kaya ambazo shamba lao likiisha, hifadhi inaanza.

Barabara, reli, mpaka. Mistari hiyo mitatu imetujengea mazoea ya kufikiri kwamba tuna vitu viwili tofauti. Upande mmoja ni mlima, ambao ni wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wa watafiti na wa watalii. Upande wa pili ni bonde, ambalo ni letu sisi wakulima, wafugaji, wavuvi na wenye mashine za kukoboa. Katika vikao vya vijiji na hata vya halmashauri, mlima hutajwa pale tembo anapokula mahindi ya mtu, kisha unasahaulika hadi tembo mwingine. Mimi naona mgawanyo huo ni kosa la kijiografia kabla hata haujawa kosa la siasa, na gharama yake tumeanza kuilipa.

Tuanze na mlima wenyewe. Udzungwa ni sehemu kubwa kuliko zote katika Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapita Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho, hadi huku kwetu Udzungwa na Mahenge. Hii si milima ya volkano kama Kilimanjaro au Rungwe. Ni miamba mikongwe sana ambayo ardhi iliipasua na kuinua upande mmoja, huku upande wa pili ukididimia. Upande uliodidimia ndio Bonde la Kilombero. Nasisitiza hilo kwa sababu lina uzito katika hoja yangu: bonde na mlima vilizaliwa kwa tukio moja. Ukisimama Ifakara mchana usio na mawingu ukatazama kaskazini-magharibi, utaona ukingo ulionyooka isivyo kawaida. Huo ni ufa wenyewe, umevikwa miti.

Upande wa Iringa mlima hauna makeke. Kutoka Kilolo unashuka taratibu, nyasi, misitu ya miombo, baridi, na mvua za wastani. Upande wetu ndio wenye ukali. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi husafiri juu ya tambarare zikiwa zimebeba unyevu, zikafika kwenye ukingo huu na kulazimika kupanda. Zikipanda zinapoa, zikipoa zinaachia maji. Wanasayansi wanakadiria kwamba mpango huo umedumu kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu yake kukatika vipande. Ndiyo maana ndani ya Udzungwa wamebaki viumbe ambao ndugu zao wa karibu wako mbali sana, na wengine hawana ndugu wa karibu kabisa.

Hifadhi ina kilomita za mraba 1,990. Inaanzia mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari na kufika mita 2,576 kwenye kilele cha Luhombero. Kilichoipa sifa si urefu, maana Tanzania ina milima mirefu kuliko huu. Sifa yake ni kwamba msitu wake umeungana bila kukatika, kutoka chini kwenye joto la mikangazi na mivule hadi juu kwenye miti mifupi yenye kuvu na baridi. Mahali pengi Afrika Mashariki msitu wa chini ulishafyekwa zamani, ukabaki wa juu peke yake. Hapa ngazi bado ina vidato vyote, na mnyama au mbegu inaweza kupanda na kushuka kadiri hali ya hewa inavyobadilika.

Hadithi za viumbe wa Udzungwa zinafurahisha, na nitakuwa mnyimi nisipozisimulia. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walisikia karibu na kijiji cha Sanje mlio wa kima ambao kwa elimu yao haukupaswa kusikika Tanzania. Ulikuwa wa ngolaga, ambaye wenyeji walikuwa wakimjua vizuri sana, na ambaye leo vitabu vya dunia vinamtaja kwa jina la Sanje. Haishi kokote duniani isipokuwa Udzungwa. Mwaka 1991 kundi jingine la watafiti, wakiwa wamemaliza chakula cha jioni kambini, wakaona ndani ya sufuria miguu ya ndege ambaye hawakumtambua. Ndivyo sayansi ilivyompata kwale wa Udzungwa, ambaye undugu wake wa karibu zaidi umeonekana kuwa na ndege wa Asia. Mwaka 2004 kipunji, kima aliyekuwa ametambuliwa muda mfupi tu kabla kule Rungwe, akaonekana pia katika msitu wa Ndundulu. Mwaka 2008 yakachapishwa maelezo ya kisayansi ya sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Ongeza mbega mwekundu, ongeza chozi mwenye mabawa mekundu, ongeza vinyonga na vyura ambao orodha yao bado inarefuka.

Ulimwengu unaijua Ifakara kwa mbu. Tangu Waswisi walipofungua maabara yao hapa katikati ya miaka ya 1950, ambayo sasa ni Taasisi ya Afya Ifakara, mji huu umetajwa katika majarida ya kitaaluma kwa malaria, vyandarua na chanjo. Ni sifa halali. Lakini inashangaza kidogo kwamba mji ambao ukiinua macho unaona moja ya misitu yenye thamani zaidi barani haujajitangaza kwa msitu huo hata kwa kibao cha stendi.

Sasa nirudi bondeni, maana hapo ndipo penye ugomvi.

Kiumbe ambaye ningependa tumfikirie zaidi sijamtaja bado, naye jina lake limetoka bondeni. Ni kinyonga wa Magombera. Magombera ni msitu mdogo wa tambarare, kilomita za mraba 26 hivi, uliobanwa na mashamba ya miwa ng'ambo ya barabara kutoka Udzungwa. Mtafiti Andrew Marshall alikuwa humo akihesabu kima alipomshtua nyoka aliyekuwa akimla kinyonga. Nyoka akamtema. Kinyonga huyo hakuwa na jina katika kitabu chochote. Alipewa la msitu huo mwaka 2009. Kwa miaka mingi Magombera ulikuwa umening'inia kisheria, haujulikani sawasawa ni wa nani na unalindwa na nani, huku ukikatwa nguzo na kuni. Ilichukua hadi 2019 kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Uliponea chupuchupu, na uliponea kwa sababu kulikuwa na watu wakaidi waliokataa kuamini kwamba hifadhi ya kweli ni ile ya juu tu.

Misitu mingine ya namna hiyo haikuwa na bahati. Zamani kati ya Udzungwa na mbuga za Selous, ambazo sehemu yake kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kulikuwa na mfululizo wa misitu, vichaka na mbuga za nyasi. Tembo walishuka mlimani, wakavuka bonde, wakaingia Selous, wakarudi kwa majira. Njia mbili zilizokuwa zikitumika, Nyanganje na Ruipa, zilikuwa zimezibwa na mashamba na makazi kufikia mwaka 2010 au karibu na hapo. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kuziziba. Kila mtu alifungua ekari zake mbili tatu, akijua jirani naye amefungua zake. Kisha tukaanza kulalamika kwamba tembo wamekuwa wakorofi.

Katika hili nisiwe mnafiki. Ni rahisi sana Ifakara kumnyooshea kidole mfugaji. Ng'ombe waliingia bondeni kwa maelfu, ni kweli, na operesheni ya mwaka 2012 ya kuwaondoa iliacha majeraha ambayo hayajapona. Lakini sheshe, swala ambaye bonde hili lilikuwa na sehemu kubwa ya idadi yake yote duniani, hakupungua kwa kwato za ng'ombe peke yake. Mpunga umekula mbuga kwa kasi ya kutosha, na mpunga ni wetu, tunaujivunia, tunauza hadi Dar es Salaam kwa jina la mji wetu. Eneo oevu la Kilombero limo katika orodha ya Ramsar, ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu mwaka 2002, karibu kilomita za mraba 8,000 kwenye karatasi. Mpunga haujui karatasi.

Kuna jambo moja lililonipa moyo. Karibu na Mang'ula, wakulima waliridhia kuachia ardhi yao, wakalipwa, ili ushoroba mmoja wa tembo ufunguliwe tena, na kivuko kikajengwa chini ya barabara ili wanyama wapite bila kukutana na malori. Nimesikia watu wakibeza: fedha zote hizo kwa ajili ya tembo? Jibu langu ni kwamba fedha hizo ni bei ya kurekebisha ambacho kingezuiwa kwa gharama ndogo sana miaka thelathini iliyopita, wakati ardhi ile ilikuwa pori na barabara ilikuwa vumbi. Anayelipa leo analipia uzembe wa jana.

Tembo, hata hivyo, ni sehemu tu ya shauri hili. Mama wa Sanje au Msolwa ana hoja nzito kuliko ya tembo. Hifadhi ilipoanzishwa, wanavijiji waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilifutwa. Kwa upande wa mlima, nakubali uamuzi ule. Kuni kavu ndizo zilizokuwa kisingizio cha panga na mtego. Lakini kaya haziachi kupika kwa sababu tangazo limebandikwa. Kuni zilihamia kwenye misitu midogo ya bondeni, kwenye kingo za mito, kwenye miti ya mashambani, na mkaa ukapanda bei. Kwa maneno mengine, tulilinda juu kwa kukamua chini. Huku nyuma ya kila mashine ya kukoboa mpunga kuna kichuguu cha pumba ambacho wachoma matofali wanachukua kidogo na kinachobaki kinaoza au kinachomwa bure. Serikali na wafadhili waliotumia nguvu kufunga mlango wa hifadhi wangetumia nusu ya nguvu hiyo kuzifanya pumba zile ziwe mkaa unaouzika sokoni, mama huyu asingekuwa adui wa mtu.

Nije kwenye maji, ambayo kwangu ndiyo moyo wa jambo.

Kusini-magharibi mwa ukingo huu, mto Kihansi ulikuwa ukiporomoka kwenye korongo kwa kishindo kilichotoa mvuke wa maji usiku na mchana. Ndani ya mvuke huo, kwenye eneo dogo sana, aliishi chura wa manjano asiyezidi sentimita tatu, anayezaa watoto badala ya kutaga. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi wa megawati 180 ulikuwa umeshaanza kujengwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, mvuke ukakauka. Chura 500 hivi wakapelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, huku korongoni yakifungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Mabomba yalisaidia kwa muda, kisha mwaka 2003 chura wakafa kwa wingi, ugonjwa wa kuvu ukitajwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wameisha. Baadaye wazao wa wale waliopelekwa nje wakarudishwa, kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 korongoni.

Wengi husimulia kisa hicho kama kichekesho: nchi yenye giza inahangaikia chura. Mimi sikioni hivyo, na wala sisemi umeme haukuwa na maana. Kihansi ilituonyesha kwa ushahidi kitu ambacho kwingine kinatokea polepole kiasi cha kutoonekana: ukibadilisha njia ya maji juu, kuna anayekufa chini, na kumrudisha kunachukua miaka na ndege ya kuvuka bahari.

Kwa bonde zima, uzito wa maji haya ni mkubwa zaidi. Watu wengi wanapowaza maji ya Rufiji huwaza Ruaha Mkuu, kwa sababu Ruaha ndio wenye migogoro inayoandikwa magazetini. Lakini Ruaha Mkuu huchangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Zaidi ya asilimia 60 hutoka Kilombero. Yaani Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na megawati 2,115, tegemeo la taa za nchi nzima, linakunywa kwanza kutoka kwetu. Si maji yote hayo ni ya Udzungwa. Mnyera na Ruhudji inaleta maji ya Mufindi na Njombe, na Mahenge nayo inachangia upande wake. Lakini mito mifupi inayoshuka ukingoni, Msolwa, Sanje, Lumemo, Ruipa, Mngeta, Kihansi, ndiyo inayoendelea kutiririka kiangazi wakati mvua imesahaulika, kwa sababu msitu umeyashika maji na kuyaachia taratibu.

Mmoja wa mito hiyo unapita mjini kwetu. Lumemo haujawahi kutuficha tabia yake. Wandamba, wenyeji wa bonde hili waliokuwa wataalamu wa mtumbwi kabla ya daraja na kivuko, walijua kwamba maji hupanda na hushuka, na waliishi wakiyapisha. Sisi tumekaa kwenye njia yake kwa nyumba za matofali na kulima hadi kwenye maji. Masika ya mwaka 2024 mafuriko yalipoingia Ifakara na Mlimba, mazungumzo yote yalihusu msaada wa unga na mahema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tembea kando ya Lumemo na kamba ya kupimia, uniambie ni wapi mita hizo zipo. Msitu wa juu unaweza kuwa mzima kabisa na bado mji ukazama, kwa sababu kazi ambayo msitu huifanya juu hukamilishwa na nyasi, mabwawa na miti ya ukingoni huku chini. Tumeondoa nusu ya pili kisha tunaishangaa nusu ya kwanza kwa kutotuokoa.

Kwa hiyo ninachodai si hifadhi nyingine. Tuna za kutosha, na kila mpya hututenganisha zaidi na tunachopaswa kukitunza. Ninadai fedha na mipaka ifuate maji. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji hukusanya ada kutoka kwa watumiaji wa maji. Umeme unaozalishwa kwa maji ya Kilombero unauzwa kila dakika. Si haki kwamba kijiji cha Sanje, ambacho kimekatazwa kuni ili maji yaendelee kushuka, kisione sehemu ya mapato hayo ikirudi kwa jina lake, kwa jiko, kwa mitaro, kwa miche ya kupanda ukingoni mwa mto. Tukiwaambia watu mlima ni wa taifa, basi taifa lilipe kodi ya pango.

Na tuache kujenga kwanza, kufikiri baadaye. Daraja la mto Kilombero la mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018, limeifungua Mahenge na Malinyi, na ni neema tupu kwa waliokuwa wakisubiri kivuko hadi jua linazama. Lami ya Kidatu imepunguza safari ya Morogoro. Inayosubiriwa kwa hamu sasa ni lami ya Ifakara hadi Mlimba, nayo itapita chini ya ukingo ule ule, itavuka mito ile ile, na itakata ile njia ya Ruipa, ambayo ingawa imezibwa ina sehemu ambako mashamba bado hayajashikana kabisa. Bei ya ekari kando ya barabara hiyo itapanda kadiri lami inavyokaribia. Halmashauri za Ifakara na Mlimba zina nafasi ya kupima ardhi ya ushoroba na ya kingo za mito sasa, kuiandika kwenye mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, na kumtaka mhandisi achore vivuko vya wanyama na makalavati mapana katika mchoro wake wa mwanzo. Kwa mhandisi hiyo ni mistari michache kwenye karatasi. Baada ya nyumba kujengwa, itakuwa fidia, kesi, na msururu wa mikutano ya hadhara kuhusu tembo.